Nairobi Iliyo Nyuma ya Syokau

Machakos,
11 Februari 1996

Dada yangu Syokau,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote, na kama yule paka wa jirani bado anakula kwako, naye msalimie. Sisi huku ni wazima. Mwaitu amepona kikohozi, na nguvu zote zilizomrudia amezipeleka kwenye kugombana na Ndinda kuhusu namna ya kupika mahindi ya muthokoi. Mke wangu huyo anasema mama yetu akiendelea hivyo yeye atahamia kanisani. Maharagwe tumevuna, si mengi, lakini hatutaomba kwa mtu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya ninunue stempu. Unamkumbuka Zaki, kijana wa pale Majengo ambaye nilimfundisha mwenyewe kushika kamera? Amefungua studio. Hakuifungua Kyumbi wala Kangundo, ambako watu wanaihitaji. Ameifungua ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango na mimi. Ndani ametundika pazia jipya lililochorwa Mombasa: ndege nzima pamoja na ngazi yake. Mteja anasimama mbele ya ngazi na begi tupu, anapunga mkono, anapigwa picha, halafu anarudi kwake Mumbuni kwa miguu. Na watu wanapanga foleni.

Pazia langu unalijua. Nililichora mwaka uliofuata Uhuru kutoka kwenye zile picha za zamani alizoniachia marehemu Bwana Kantilal aliyenifunza kazi: Government Road na vibaraza vya maduka yake, rikisho, miti, ile benki yenye nguzo kubwa, na mtu mmoja juu ya baiskeli. Machakos yote imepigwa picha mbele ya Nairobi hiyo. Waliooa, waliobatizwa, walioingia jeshini. Wengine walizituma picha hizo kwa jamaa zao kuonyesha kwamba wamefika mjini, na hakuna aliyebisha.

Juzi kijana mmoja alileta mchumba wake. Alilitazama pazia, akainama, akalitazama tena, kisha akaniuliza mbele ya wateja, "Mzee, hii ni Nairobi gani haina Hilton?" Mchumba akacheka. Wakavuka barabara, wakapanda ndege ya Zaki.

Mwenye nyumba naye ameanza kuingia studio akipima ukuta kwa macho. Ameniambia wazi kwamba Desemba ikifika na hali ni hii, chumba atampa mtu wa bucha. Desemba ndipo watu hurudi nyumbani na ndipo mpiga picha hula. Kwa hiyo lazima niwe nimechora Nairobi mpya kabla ya Desemba, Hilton iwemo na KICC iwemo. Naomba unitafutie picha za majengo hayo. Chukua mpiga picha yeyote wa hapo mjini, ingawa wengi wao ni watu wa kuzurura wasio na mlango wa kufunga. Nataka mitaa, Syokau. Sitaki watu. Watu ninao.

Ningekuja mwenyewe, lakini goti linanisumbua.

Ni mimi kaka yako,
Wathome


Nairobi,
10 Machi 1996

Kaka Wathome,

Nimefurahi kusikia Mwaitu ana nguvu za kugombana. Mwambie Ndinda asihamie kanisani, Mwaitu atamfuata huko huko. Mimi sijambo. Hapa City Market watalii wamepungua. Vyondo ninavyouza vinanitazama nami navitazama. Mwanangu Titus ameandika kutoka Eldoret akiomba viatu, maana yake ni mzima. Paka wa jirani amezaa, na amezalia kwangu.

Pole kwa goti. Mwaka jana ilikuwa mgongo, na mwaka juzi ilikuwa kuku anaatamia na hakuna wa kumwangalia. Machakos hadi hapa ni mwendo wa saa moja, kaka. Wewe unayewaonyesha wateja mitaa ya Nairobi kwa kidole ulikuja huku mara moja, na Mwaitu huniambia kwamba ulirudi ukiwa bado umeng'ang'ania pindo la koti la Bwana Kantilal. Lakini mimi siulizi.

Jumapili nilitoka kanisani nikaenda KICC. Wapiga picha wa pale uwanjani ni wengi kuliko njiwa, na kila mmoja anakukimbilia na albamu yake mkononi. Nikamwendea mmoja ambaye hakukimbia. Alikuwa amekaa kwenye ngazi akisafisha lenzi kwa leso safi. Anaitwa Kibe. Nikamwambia nataka picha ya jengo. Akaniuliza nitasimama wapi. Nikasema sisimami popote, nataka jengo peke yake. Akalitazama jengo, akanitazama mimi, akasema, "Mama, tangu nianze hii kazi sijawahi piga jengo peke yake. Jengo haiwezi kuja kesho kuchukua picha."

Nilibishana naye hadi watu wakaanza kutuzunguka, mwishowe nikasimama ili tumalize. Akanisogeza mbele, akanirudisha nyuma, akanivua kiondo begani akakishika yeye. Nimerudi jana kuichukua, ndiyo hii ndani ya bahasha. Mimi mwenyewe naona nimetoka vizuri.

Wako,
Syokau


Machakos,
3 Aprili 1996

Dada yangu,

Natumai barua hii itakukuta salama pamoja na hao paka wote. Huku mvua imeanza vizuri. Mwaitu amepanda mahindi mahali ambapo Ndinda alikuwa amepanda sukuma wiki, na sasa hawasemezani ila kupitia kwangu. Mimi nimekuwa posta.

Picha nimeipata. Ndinda aliitundika jikoni kabla sijamaliza kuitazama, nikaitoa. Umetoka vizuri, hilo sikatai. Lakini mimi niliomba jengo. Mlango wa KICC uko nyuma ya gauni lako. Ngazi ziko nyuma ya gauni lako. Kinachoonekana ni mnara unaoota kichwani mwako, na karibu na kiwiko pana ncha ya kitu ambacho Ndinda anasema ni bendera na mimi nasema ni mwavuli wa muuza aiskrimu. Sasa nitachora nini hapo, bendera au mwavuli?

Na huyo Kibe hajui kazi. Jua ameliweka mgongoni mwake, kwa hiyo kivuli chake kimelala chini hadi katikati ya picha. Kwa kosa kama hilo Bwana Kantilal alikuwa ananipiga rula.

Najua utasema nikisie. Sichori nisichokiona. Siku moja niliongeza dirisha la kubuni kwenye pazia, Bwana Kantilal akalifuta kwa mafuta ya taa na kunifanya ninywe chai yangu nikiwa nimesimama. Kwa hiyo nakutumia picha zake mbili, ya Government Road na ya Bazaar Street. Tafuta mahali pale pale aliposimama yeye, umweke huyo Kibe hapo, nami nitaona ni nini kimebadilika. Na wewe sogea kando. Kando kabisa, Syokau. Picha zirudi salama, sina nakala nyingine.

Zaki amemchora rubani kwenye dirisha la ndege. Amempa miwani.

Kaka yako,
Wathome


Nairobi,
26 Mei 1996

Kaka Wathome,

Nisamehe kwa kuchelewa, sikuwa mgonjwa wala sikuwa na shida. Nilikuwa kwenye kazi yako. Msalimie Ndinda, umwambie kwamba Mwaitu alinifanyia mimi jambo hilo hilo na maboga kabla sijaolewa.

Kwanza, Government Road haipo. Siku hizi ni Moi Avenue, na vijana hawajui kama iliwahi kuwa na jina lingine. Bazaar Street ni Biashara Street. Benki yako ipo na nguzo zake zote zipo, ila ndani hakuna pesa. Wamehifadhi karatasi za zamani za serikali na vinyago. Tena si ya samawati, kaka. Uliipaka samawati kwa sababu picha ya Bwana Kantilal ni nyeusi na nyeupe. Ni rangi ya uji. Sijui kama hilo nalo ni kuchora unachokiona.

Kutafuta aliposimama Bwana Kantilal kumekula Jumapili zetu nyingi. Kibe anaishika ile picha mbele ya macho, anatembea kinyumenyume katika Moi Avenue huku magari yanampigia honi, anasema bado, bado, kisha anasimama. Palipokuwa na kibaraza cha fundi cherehani pana duka la viatu. Rikisho ziliposimama, zimesimama teksi. Miti imekatwa karibu yote. Umebaki mmoja, na Kibe amekagua matawi yake akasema ni ule ule ila umenenepa. Askari mmoja wa kanjo, hawa wa baraza la jiji, alikuja kutuuliza tunafanya nini barabarani. Kibe akampa picha, na yule askari naye akaanza kuutafuta mti.

Halafu kuna yule mtu wa baiskeli. Nimemwona kwenye pazia lako tangu nikiwa msichana na sikuwahi kujiuliza alikuwa anaenda wapi. Kibe ndiye aliyeuliza. Mimi nasema alikuwa anaenda kuposa, mtazame alivyokaza tai. Kibe anasema ni tarishi, litazame begi. Tumemjadili yule mtu mpaka chai ikapoa, tukaagiza nyingine.

Picha ya Hilton ndiyo hii. Nilisogea kando kama ulivyosema. Kibe naye akasogea. Nikasogea tena, naye akasogea tena. Angalau Hilton imeonekana yote, iko kushoto kwangu. Ukiona gauni hulijui, ni jipya.

Syokau


Machakos,
17 Juni 1996

Dada yangu Syokau,

Tumshukuru Mungu kwa uzima. Mahindi ya Mwaitu yamekataa kuota na Ndinda anapita shambani akiimba nyimbo za kanisa. Goti langu liko vile vile, asante kwa kutouliza.

Hilton nimeipokea na nimeanza kuichora. Kwa kweli inapendeza, ule mviringo wake umenipa kazi lakini nimeupata. Nimetandaza kitambaa kipya ukuta mzima. Kushoto Hilton, kulia ile benki, ambayo nimeipaka rangi ya uji kwa shingo upande, na juu katikati mnara wa KICC. Chini ya mnara hapana kitu. Katikati yote uko wewe. Nimeweka picha ya KICC na ya Hilton pamoja, nimezigeuza, nimezitazama kwa lenzi, na kila ninakotafuta mlango nakuta gauni. Kwa hiyo hapo nimepaacha wazi, kitambaa kitupu, nikisubiri. Ukisimama mbali unaona mji mzima na tundu lenye umbo la dada yangu, hadi na kitambaa cha kichwani.

Sasa niulize jambo, na unijibu. Katika picha ya KICC kivuli cha huyo Kibe kiliishia mbali na viatu vyako. Katika picha ya Hilton kimegusa viatu. Jua ni la saa ile ile, nimepima. Maana yake si kivuli kilichorefuka, ni mtu aliyesogea. Na katika barua yako umeandika "tumemjadili" na "tukaagiza". Wewe na nani? Ndinda anasema nikuachie. Mimi nasema nauliza tu kama ndugu yako mkubwa.

Wathome


Nairobi,
28 Julai 1996

Kaka,

Hamjambo nyote? Mimi sijambo. Vyondo vimeanza kutoka, kuna Wajerumani walinunua vingi wakasema wataweka maua. Paka mmoja nimempa mtu. Titus amepata viatu.

Kuhusu ulichouliza, hapa kumekuwa na baridi kali sana mwezi huu.

Picha ya City Market ndiyo hii. Picha zako za zamani ziko salama, bado tunazihitaji kidogo.

Syokau


Machakos,
15 Agosti 1996

Syokau,

Salamu zikufikie. Watu wa huku ni wazima.

Nimeitazama hiyo unayoiita picha ya City Market. Mimi naijua City Market kutoka picha za Bwana Kantilal, ina ukuta mrefu na madirisha yake yamepanda juu kama ngazi. Katika picha yako hakuna ukuta. Hakuna madirisha. Hakuna soko. Kuna uso wako peke yake, kutoka kidevuni hadi juu, na meno yote nje.

Nimefanya kazi hii tangu ukiwa shule ya msingi. Nikishika picha najua mpiga picha alikuwa anatazama nini, kama vile fundi cherehani anavyojua nguo ilikatwa na nani. Huyu mtu hakuwa anatazama jengo. Hakuwa anatazama jengo KICC, wala Hilton, na alipofika sokoni ameacha hata kujifanya. Kivuli safari hii hakimo, kwa sababu amekaribia mpaka hana pa kukiweka.

Basi nami niseme wazi, kwa kuwa baba hayupo na mwenye kusema ni mimi. Sikubali. Dada yangu hataolewa na mtu anayefanya kazi uwanjani, ambaye mvua ikinyesha ofisi yake inalowa. Watu kama hao ndio waliotuharibia kazi sisi wenye studio. Kama ni mtu mzima na ana nia, kwa nini nimemjua kwa kivuli?

Na Desemba inakuja. Tundu bado liko ukutani. Zaki amevuka barabara akisingizia kuazima pini, akalitazama, akarudi kwake bila kuchukua pini. Mwenye nyumba amekuja na mtu wa bucha, na mtu wa bucha amesimama pale pale akisema hapa ataning'iniza ng'ombe. Nahitaji mlango wa KICC, Syokau. Nisaidie hilo tu, na huyo mtu umwache.

Wathome


Nairobi,
20 Oktoba 1996

Kaka yangu Wathome,

Najua umehesabu kimya changu, nami nilikuwa nimekasirika. Nimeandika barua tatu nikazichana. Hii nitaituma hivyo hivyo.

Natumai Mwaitu ni mzima. Sikupata salamu zake katika barua yako, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko mengine.

Ndiyo. Ulichokiona kwenye picha ni kweli. Jina lake lote ni Matthew Kibe, mkewe alifariki, watoto wake ni wakubwa, hanywi, na leso yake anaifua mwenyewe. Kaka, tangu tumzike baba Titus watu wamenitendea vizuri. Wananisalimu, wananunua vyondo vyangu, wananipisha kanisani. Lakini hakuna aliyenitazama mpaka akasahau alichokuwa anafanya. Huyu amesahau KICC, na wewe unajua urefu wake. Nilifurahi sana. Nilikuwa nimedhani mambo hayo kwangu yameisha.

Unasema umemjua kwa kivuli. Nami nilitaka umjue, lakini nikimwalika huko utamuuliza mlango wake uko wapi, na wewe nikikualika huku goti linauma. Basi mngejuana wapi?

Nilimweleza kwamba kwetu mwanamke hahesabiwi ameolewa mpaka mbuzi wa ntheo wafike nyumbani kwao, hata akiwa na mvi. Akasema hana neno, ila kwa desturi ya KICC mteja huonyeshwa kwanza. Kwa hiyo akawanunua mbuzi, akasimama nao, mwenzake akawapiga picha. Nilijaribu kumwambia kwamba mbuzi hawatumwi kwa posta. Hakuelewa kosa liko wapi. Picha ndiyo hiyo. Mbuzi ni wa kweli, wako kwa dada yake Kangundo na wanakula vizuri.

Picha nyingine za majengo sitatuma. Sitaki tena kusimama mahali nikijiuliza kaka yangu atapima nini. Picha za Bwana Kantilal zimo humu ndani, salama. Ukiutaka mlango wa KICC, uko pale pale, huwa hauhami. Nami ninachokitaka nimekiandika. Nataka uniambie nije.

Dada yako,
Syokau


Machakos,
10 Novemba 1996

Dada yangu Syokau,

Pokea salamu zangu, na hizi za Mwaitu ambazo amenisimamia niziandike kwanza: anakusalimu sana, na anataka kujua kama huyo mtu anakula muthokoi. Ndinda anakusalimu pia. Wamepatana. Wamepatana dhidi yangu.

Niliposoma barua yako nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimeshaandika nusu ukurasa juu ya picha ya mbuzi. Ukitaka kujua, mbuzi wametoka vizuri. Kibe hakutoka. Ameinua mmoja kifuani na pembe zimemfunika uso. Mwaka mzima amekuwa akikuweka wewe mbele ya majengo, na siku yake mwenyewe ilipofika akaweka mbuzi.

Kisha Mwaitu akaja mjini kliniki, akapita studio. Tangu nilichore hilo pazia alikuwa hajaliona. Alisimama mbele yake akiegemea fimbo, akatazama Hilton, akatazama mnara, halafu akanyoosha mkono akagusa kile kitambaa kitupu katikati. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Akasema, "Huyu si Syokau? Umechora Nairobi yote ukamwacha mtoto wangu tu." Nikamweleza habari za mlango. Nikamweleza juu ya Kibe, kwamba hana mlango wa kufunga. Akaniambia baba yetu alikuwa na milango miwili na hakuwahi kukaa ndani.

Alipoondoka nilizichukua zile picha zako, nikazitazama bila kutafuta jengo. Sikuwa nimezitazama hivyo. Syokau, kwenye mazishi ya baba Titus mimi ndiye niliyepiga picha, na nyingine zote za familia tangu siku hiyo nimezipiga mimi, na katika hizo zote umefunga mdomo. Nilidhani ndivyo ulivyozeeka. Nimeona haya, na nimefurahi, vyote pamoja, mpaka nikafunga studio mapema.

Sasa habari za pazia. Nilikuwa nimekata tamaa nalo. Lakini siku ya soko muuza nyanya mmoja aliingia kuuliza habari zako, akaambiwa tundu lile ni wewe, akakataa, akasema wewe si mwembamba hivyo. Akaenda akasimama pale. Akatokeza pande zote mbili. Wenzake wakacheka, naye akawaita nao wajipime. Kumbe hapo unaenea wewe tu. Tangu siku hiyo kila mtu anataka kuona kama atalijaza lile tundu la Syokau, na ili aone ni lazima apigwe picha. Wembamba wanaacha kitambaa kitupu kimewazunguka. Zaki mwenyewe amekuja usiku umeingia, akajipima, ametoka mabega nje. Mwenye nyumba ameacha kumleta mtu wa bucha, ingawa hajasema neno, na mimi sijamuuliza.

Kinachobaki ni picha ya dirishani. Unajua kila Desemba naweka picha moja kubwa kwenye kioo cha mbele, na watu wanaoshuka kutoka mjini wakiiona ndipo huamua waingie kwangu au wavuke barabara. Mwaka huu ilikuwa lazima ionekane Hilton. Kwa ajili hiyo nimekusumbua tangu Februari. Na nimeamua picha hiyo itakuwa ya ntheo yako, maana katika watu wote wa Machakos ni wewe tu unayelijaza pazia vizuri.

Basi nikapanga. Wewe katikati. Kulia lazima akae Mwaitu, kiti chake hakiwezi kwenda kwingine kwa sababu ya mwanga wa dirisha na kwa sababu amesema hivyo. Inabaki kushoto, na kushoto ndiko iliko Hilton. Mtu mzima akisimama hapo Hilton haionekani hata dirisha moja. Ndinda alinishauri Kibe achuchumae mbele, mbuzi amshikilie shingoni, Hilton itokee juu ya kichwa chake. Nililifikiria hilo chakula chote cha jioni. Kisha nikasema hapana, shemeji yangu hatachuchumaa nyumbani kwetu.

Kwa hiyo njooni Jumamosi ya kwanza ya Desemba, na mbuzi muwapitie Kangundo. Kibe aje na viatu vilivyong'arishwa, asije na kamera, siku hiyo kazi ni yangu. Picha itakaa dirishani hadi mwaka mpya. Na wateja wakiniuliza Hilton iko wapi, nitawaambia iko nyuma ya shemeji yangu.

Kaka yako,
Wathome